Kiwanda cha Van Nelle na kipimo cha matumizi mapya

Kiwanda cha Van Nelle mjini Rotterdam, Uholanzi, kilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1931 kwa ajili ya kusindika kahawa, chai na tumbaku. Wasanifu wake, Johannes Brinkman na Leendert van der Vlugt, walizibebesha sakafu zote juu ya nguzo za zege zenye vichwa vilivyotanuka kama uyoga, ukuta wa nje ukabaki bila mzigo wowote, nao wakaujenga kwa vioo na fremu nyembamba za chuma. Malighafi ilipandishwa hadi ghorofa ya juu, ikateremka hatua kwa hatua huku ikisindikwa, kisha bidhaa zikasafirishwa kwa mikanda kupitia madaraja yaliyofunikwa hadi kwenye maghala kando ya mfereji. Kazi hiyo ilikoma katikati ya miaka ya 1990, likabaki swali ambalo miji mingi yenye viwanda vya enzi hiyo inakabiliana nalo: jengo lililobuniwa kwa kazi moja lihifadhiwe kwa sababu gani kazi hiyo ikishakwisha?

Hoja za wanaopinga uhifadhi si za kupuuzwa. Wasanifu wa mtindo huu wa zege na vioo ndio waliofundisha kwamba umbo la jengo litokane na kazi yake, na wengine hawakukusudia majengo yao yadumu. Jan Duiker, aliyesanifu hospitali ya kifua kikuu ya Zonnestraal karibu na Hilversum katika miaka hiyohiyo, alitumia zege jembamba kwa makusudi, kwa kuwa ilitarajiwa kwamba ugonjwa ungetokomezwa baada ya miongo michache na hospitali isingehitajika tena. Kuligharimia jengo la namna hiyo ili lisimame karne nzima ni kwenda kinyume na nia ya aliyelibuni. Zaidi ya hapo kuna shida za kila siku: kioo cha tabaka moja huleta baridi kali majira ya baridi na joto lisilovumilika majira ya kiangazi, fremu za chuma hushika kutu, na nondo zikishika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani.

Wanaotetea uhifadhi huanza na hesabu ya mazingira. Uzalishaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na zege lililokwisha kumwagwa limeshalipiwa gharama hiyo. Kulibomoa na kumwaga jingine ni kuilipa mara ya pili. Hoja hiyo ni ya kweli, ila peke yake haitoshi, maana ingetulazimu kuhifadhi hata ghala baya lisilo na faida kwa yeyote.

Kwa maoni yangu, uzito wa suala hili uko katika namna Van Nelle ilivyokarabatiwa. Mradi ulioratibiwa na msanifu Wessel de Jonge ulianza kwa kuchunguza jengo lenyewe linaweza kupokea nini, na mtumiaji akatafutwa kwa kufuata uwezo huo. Sakafu pana, zilizo wazi na zenye mwanga pande zote, zilifaa ofisi za wabunifu. Tatizo la vioo lilitatuliwa bila kuving'oa: ndani ya jengo, umbali kidogo kutoka ukuta wa zamani, ulijengwa ukuta wa pili wa vioo, na nafasi iliyobaki katikati ikawa ujia unaopunguza baridi, joto na kelele. Fremu za awali zikabaki na wembamba wake, jambo ambalo vioo vizito vya tabaka mbili visingeliruhusu. Mwaka 2014 UNESCO ilikiingiza kiwanda hicho katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Njia nyingine ni ile ya ghala la nafaka la bandari ya Cape Town, lililokamilika mwaka 1924 na kufungwa mwaka 2001. Mbunifu Thomas Heatherwick alikata mapango makubwa ndani ya mapipa yake ya zege ili kupata ukumbi wa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, lililofunguliwa mwaka 2017. Wapo wanaouona ukataji huo kuwa uharibifu, lakini sikubaliani nao kikamilifu. Pipa refu la zege lisilo na dirisha haliwezi kukaliwa na mtu likiachwa lilivyo, na sehemu zilizokatwa zinamwonesha mgeni waziwazi umbo la mapipa yaliyohifadhi nafaka. Kosa lingekuwa kukata namna hiyo Van Nelle, ambako sakafu zilikuwa tayari kupokea watu.

Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo ukarabati wa aina zote mbili haujalitatua. Van Nelle ilijengwa kwa imani kwamba mfanyakazi wa kawaida, wanawake waliofungasha chai miongoni mwao, anastahili mwanga, hewa safi na mahali pa kuoga. Leo mwanga uleule unawaangazia wapangaji wanaomudu kodi ya ofisi, na ajira za kiwandani hazikurudi. Miji inayopanga miradi ya namna hii ingeweza kutenga mapema, ndani ya mkataba wa upangaji, baadhi ya ghorofa kwa ajili ya karakana ndogo na vyuo vya ufundi. Sakafu zilizobuniwa kubeba mitambo na magunia ya kahawa haziwezi kulemewa na cherehani na meza za useremala.