Salamu Ndefu Chini ya Kirikuu

Atakayekuambia kwamba kubadilisha filta ya petroli ni kazi ya robo saa hakudanganyi, ila amesahau kukutajia mipira. Filta yenyewe ni kikopo kidogo chenye midomo miwili, mmoja wa kupokea mafuta kutoka kwenye tangi na mwingine wa kuyapeleka kwenye injini, na kila mdomo umevikwa mpira uliobanwa kwa klipu. Unalegeza klipu, unavuta mipira, unavisha filta mpya huku mshale wake ukielekea upande wa injini, kazi imekwisha. Ndivyo ilivyo kwa magari mapya na kwa watu wanaoishi mbali na bahari. Sisi wa Tanga, upepo wa chumvi hutulehemea mipira bila malipo: bomba lililo ndani ya mpira huota kutu, kutu huvimba, na mpira ambao miaka ya joto imekwisha kuukausha hukakamaa juu ya kutu hiyo na kukataa katakata kuachia.

Kirikuu yangu, yaani kigari kidogo cha mizigo, ile ya zamani yenye kabureta, hubeba machungwa kutoka Muheza. Ilikuwa imeanza tabia ya kukohoa kila inapokutana na mwinuko ikiwa na mzigo, ilhali kwenye tambarare ilikwenda kama kawaida. Hiyo ni dalili ya filta iliyoziba, kwa sababu mafuta machache yanayopita hutosha pale gari linapotembea taratibu, lakini hayatoshi injini inapodai zaidi. Nikanunua filta mpya, nikasubiri Jumapili, na msaidizi wangu akawa shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana mwenye moyo wa kusaidia unaozidi uzoefu wake kwa mbali sana.

Matayarisho yalikuwa ya kupendeza. Gari liliegeshwa uwanjani, mbali na jiko la mkaa, magurudumu yakawekewa mawe, na waya hasi wa betri ukafunguliwa. Kifuniko cha tangi nacho kilifunguliwa, ili mvuke uliojikusanya kwa sababu ya jua utoke na usije ukayasukuma mafuta usoni mwangu. Kulikuwa na beseni la kukingia, ndoo ya mchanga, na boliti mbili za milimita 8 za kuzibia mipira mara itakapochomoka. Kitu kimoja tu sikukijua: shemeji aliliazima gari Jumamosi jioni na, kwa kuwa amelelewa vizuri, alilirudisha likiwa na tangi lililojaa hadi shingoni.

Klipu zilifunguka baada ya bisibisi kuteleza mara kadhaa na kuninyofoa ngozi ya kidole. Mipira haikujali kabisa. Mpira uliokwama hauvutwi, kwani ukiuvuta unazidi kuwa mwembamba na kubana. Unazungushwa kwanza ili uachane na chuma. Niliuzungushia kitambaa, nikaushika kwa plaizi, nikaunyonga shingo kushoto na kulia. Kilichozunguka ni gari zima, au ndivyo nilivyohisi nikiwa nimelala chali juu ya boksi, kutu ikininyeshea machoni.

"Shemeji," nilisema, "niletee maji ya moto kwenye chupa ya chai. Mpira ukipata joto hulainika, na hapa hatuwezi kusogeza moto."

"Sawa, shemeji."

Nyumbani kwetu zipo chupa mbili za chai zinazofanana. Nilikwisha kuumiminia mpira ule nusu chupa kabla harufu ya tangawizi haijanifikia. Joto ni joto, na sidhani kama mpira ulitambua tofauti, lakini chai ya mke wangu haina uhaba wa sukari, na mchirizi uliopita shingoni mwangu ulikauka ukawa gundi. Sisimizi walipata habari kabla ya mwenye chai. Shemeji aliingiwa na hofu kwamba sukari ingeua injini, ikabidi nimweleze, nikiwa palepale chini, kwamba mafuta bado yamefungiwa ndani ya mpira na kwamba sukari hata haiyeyuki kwenye petroli. Hakuridhika.

Ikabaki njia ya wembe. Upande wa filta mtu anaweza kuupasua mpira kwa urefu bila wasiwasi, kwa kuwa filta ya zamani inakwenda jalalani na mikwaruzo kwenye mdomo wake haimdhuru yeyote. Upande wa bomba la gari ndio usiothubutu kuuchezea hivyo, maana mkwaruzo hapo utavuja milele. Nilipasua kiasi cha sentimita mbili za mpira unaotoka kwenye tangi, nikazungusha tena, na mpira ambao asubuhi nzima ulijifanya sehemu ya chesisi ukaachia ghafla, bila taarifa. Kiwiko changu kikagonga chuma, boliti zilizokuwa zimelala kifuani zikaruka, moja ikaishia mtaroni na nyingine sijui ilipo hadi leo, na petroli ikaanza kumiminika.

Bomba la mafuta hutokea juu ya tangi, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba likifunguliwa mafuta yatasimama. Hayasimami. Bomba likishajaa, na ncha yake ikiwa chini ya usawa wa mafuta yaliyo tangini, petroli hujivuta yenyewe hadi tangi likaribie kukauka, na tangi langu, kwa hisani ya shemeji, lilikuwa mbali sana na kukauka. Nikaziba kwa kidole gumba. Shemeji akatoka mbio kwenda kwa jirani fundi kutafuta boliti, na mimi nikabaki nimeinua mkono huku petroli ikipenya pembeni mwa kidole, ikishuka kwenye kiganja, kwenye kiwiko, hadi kwapani. Asiyewahi kupata petroli kwapani asiombe maelezo zaidi.

Hapo ndipo nilipoona makubadhi na ncha ya fimbo. Mzee wa nyumba ya tatu, dereva mstaafu wa malori, ambaye sikio moja halisikii kabisa na la pili husikia linapotaka, aliinama taratibu kunichungulia. Mkono mmoja ulikuwa na sigara ambayo haijawashwa. Mwingine ulikuwa na kiberiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelala huko?"

"Petroli inamwagika, mzee! Usiwashe!"

"Wazima wote, alhamdulillahi. Na wewe, mama watoto hajambo?"

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini ukitafuta miguu ya watu. Tanga haijawahi kufikia baridi hiyo. Nilipiga kelele tena, naye akanijibu kwamba mvua kweli zimechelewa. Ndipo nikatambua jambo lililonipa matumaini: mtu wa umri wake na malezi yake hawezi kuwasha sigara katikati ya salamu. Maadamu namuuliza hali, njiti haitawashwa.

Basi nikamuuliza. Nilimuulizia bibi, wanawe walioko Dar es Salaam, wajukuu kwa majina niliyoyakumbuka na kwa mengine niliyoyabuni. Nilimuulizia mbuzi. Nilimuulizia minazi, kisima, na bati la jikoni lililong'olewa na upepo. Nilipofika kwenye goti lake la kulia Mungu alinifungulia mlango, kwani goti lile lina historia inayoanzia Segera, inapita Korogwe na Mombo, na kila hospitali iliyoko njiani ina sehemu yake. Kila aliponyamaza kumeza mate, kiberiti kikiinuka kidogo, nilisema, "Na hilo la kushoto, mzee?"

Shemeji alirudi akihema, mkononi ana boliti ya gurudumu la lori.

"Hii ndiyo iliyokuwapo, shemeji," alisema. Nilimwomba aachane na boliti na amsemeshe mzee kwenye sikio lenye uhai. Alifanya hivyo kwa adabu zote, shikamoo kwanza. Mzee akainama tena, akatazama mpira, akatazama kidole changu, akacheka hadi kofia ikahama. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa mswaki wa mti, akampa shemeji aukate ncha, na ule mswaki ukaingia kwenye mpira na kuziba kana kwamba ulichongwa kwa kazi hiyo. Kwapa langu lilikwenda moja kwa moja kwenye sabuni.

Mzee hakuondoka. Alijivutia kigoda akasimamia kazi iliyosalia, na lazima niseme alisimamia vizuri: alitaka bomba lisuguliwe msasa kabla ya kuvishwa mpira, alikataa klipu za zamani, na shemeji alipopendekeza tuunge kipande cha mpira wa kumwagilia bustani alimweleza kwamba petroli ingeulainisha hadi uporomoke. Mpira wetu, hata baada ya kupunguzwa, ulifika. Injini ilizungushwa kwa muda kabureta ikijaa, ikawaka, na hakuna mahali palipovuja.

"Vizuri," mzee alisema, akasimama na kujikung'uta kanzu. "Sasa, mwanangu, tulisalimiana vizuri hata nikasahau kilichonileta." Akakifungua kile kiberiti akanionyesha. Kilikuwa kitupu. "Nilikuja kukuomba njiti."

Nilimwelekeza jikoni kwa mama watoto, kwa njia ya mlango wa nyuma, na nikamwomba shemeji amsindikize akiwa ameibeba ile ndoo ya mchanga.