Taisch siyo ramli jamani

Juzi nimebishana na rafiki yangu mmoja anafanya kazi ya kutafsiri, kakutana na neno taisch kwenye maandishi ya zamani ya Uskoti, yaani mtu kuona jambo la mbali au linalokuja bila kulitafuta, kaandika "uaguzi" kasonga mbele. Nikamwambia hapo hapana, akaniambia haya basi tofauti iko wapi. Nimekaa nalo siku mbili tatu naona bora niandike.

Neno lenyewe ni la Kigaeli, lugha ya zamani ya huko Uskoti, taibhse, hiyo bh ya katikati haisikiki sana ndo maana waandishi wa Kiingereza wakaliandika walivyolisikia. Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza, alizunguka visiwa vya Hebrides magharibi mwa Uskoti mwaka 1773, kitabu chake kikatoka 1775, na mfano anaoutoa ni huu: mtu yuko safarini mbali anaanguka kutoka kwenye farasi, na mwingine aliyebaki nyumbani na kazi zake anamwona amelala chini anavuja damu, na pale mahali penyewe panamjia machoni. Sasa huyu wa nyumbani kamuuliza nani? Hakutandika ubao, hakuchora mchanga, hakulipwa hata senti. Mwaguzi unamfuata mwenyewe na shida yako na hela yako mkononi, taisch inamfuata mtu hata kama hataki, na Johnson anasema wazi kwamba wenye hali hiyo hawajivunii na hakuna anayewaona wamebarikiwa.

Ila kinachonikaa kichwani zaidi ni sanda. Martin Martin, mzaliwa wa Skye, kimojawapo cha visiwa hivyo, aliandika mwaka 1703 kwamba mwonaji akimwona mtu kavikwa sanda basi huyo ni wa kufa, na muda unapimwa kwa urefu wake: ikiwa haijapita kiuno labda mwaka au zaidi, ikipanda kuelekea kichwani ni siku chache, pengine masaa. Hebu fikiria umekaa na jirani yako mnakula samaki, anacheka, na wewe unaiona iko kiunoni. Unamwambia? Unamwambia mkewe? Halafu mnakutana tena baada ya miezi unaikuta kifuani, na kesho yake lazima umsalimie tena kama kawaida, kijiji chenyewe ni kidogo utamkwepa wapi. Mtu wa namna hiyo kumwita mwaguzi naona ni kumwonea kabisa, maana neno uaguzi linabeba biashara na hila ndani yake, na huyu kabeba mzigo tu.

Rafiki yangu ana hoja zake na siyo za kupuuza. Anasema neno lenyewe halijatulia: huyohuyo Martin analiandika taisk kwa maana ya sauti, kilio kinachosikika nje kikifanana na sauti ya mtu anayekaribia kufa, na Kigaeli cha leo taibhse ni mzuka basi. Kweli, hapo nampa. Uwezo wenyewe wa kuona una jina lake, taibhsearachd, na watu husema pia an dà shealladh. Halafu anasema yale maono yasiyotimia hakuna anayeyasimulia kando ya moto, wachungaji wa kanisa huko visiwani walikana jambo zima, Johnson mwenyewe aliondoka hajashawishika, alibaki na utayari wa kuamini tu. Na uchunguzi wa maono hayo uliofanywa miaka ya 1890 na mtafiti Ada Goodrich Freer ulikuja kuonekana siyo kazi yake mwenyewe sana, umejengwa juu ya daftari za Padri Allan MacDonald wa kisiwa cha Eriskay.

Yote sawa, lakini hayo yanajibu kama jambo ni la kweli, hayajibu neno lina maana gani. Hata asiyeamini majini anajua jini siyo mganga.

Na hiyo an dà shealladh ukiitazama inasema kuona kuwili, yaani kumoja ni hiki chetu sote na kingine kimeongezeka juu yake. Kiingereza kikasema kuona kwa "pili", nahisi watu wakadhani ni daraja la juu, na wapiga ramli wa mijini wakajipachika nalo. Hapo ndipo maana ilipoharibika, siyo kwa Wagaeli.

Nimemwambia asiweke maono, hilo limeshakuwa la kanisani, wala njozi, maana ya njozi lazima uwe umelala na huyu yuko macho anafanya kazi. Aiache taisch kama ilivyo, na pale inapotokea mara ya kwanza aongeze maneno machache: kile anachokiona mtu aliye macho, bila kukitaka, kikiwa mbali au kabla hakijafika.