Mtumishi wa Pilau

Kazi yangu ya wikendi ni kugawa chakula harusini. Jumamosi hiyo tulikuwa Donholm, na msongamano wa Jogoo Road ukanifikisha nimechelewa: shati jeupe, suruali nyeusi, koti la kuazima kwa mjomba, mkononi kimkoba cha zipu chenye aproni na mwiko.

Getini mama wa kamati akanisimamisha. "Na wewe ni nani, kijana?"

Nilitaka kusema mhudumu. Lakini Nairobi hii ukitaja mhudumu watu wanasikia baa, na ile ilikuwa harusi ya waliookoka. Nikatafuta neno lenye staha. Polisi wenyewe kaulimbiu yao ni Utumishi kwa Wote, sembuse mimi?

"Mimi ni mtumishi, mama."

"Bwana asifiwe, mtumishi!" Akakipokea kimkoba kwa mikono miwili, akanipeleka hema la mbele, lile la viti vilivyovalishwa vitambaa na riboni. Nikasimama pembeni, nikidhani ndiko nilikopangiwa kugawa. Wakanikalisha.

Mzee mwenye kola nyeupe akaniinamia. "Unatumika wapi, mtumishi?"

"Leo hapa, kesho Ruai."

"Na watu huwa wangapi?"

"Mia tatu, mia nne hivi. Na wote hushiba, pasta."

"Haleluya!"

Mara mwenzangu akatokea na trei. Aliponiona, mchuzi ukamwagikia kitambaa cha meza. Akaniwekea mapaja mawili ya kuku, kwa woga au kwa ubaya, sijui hadi leo.

Sijagusa hata moja, emsii akatangaza kwamba chakula kitaombewa na mtumishi kijana, mgeni wetu. Nikainuka magoti yakigongana. Kichwani mlikuwa na maagizo ya bosi tu, basi nikafumba macho nikayaomba hayo hayo:

"Baba, kila mtu apate kipande kimoja. Wenye nia ya kurudi mara ya pili, wageuze mioyo. Na walioficha chapati kwenye mikoba, wewe unawaona."

Amina ikatikisa mahema. Mama wawili meza ya tatu wakafungua mikoba yao polepole.

Bosi aliningoja nyuma ya jiko, mikono kiunoni. Pesa ya siku akaikata yote. Sikubisha, kamati ilikuwa imeshanipa bahasha ya nauli ya kunifikisha Ruai.

"Sufuria zile kule," akasema. "Zitumikie."