Mwacheni mtoto ateleze kwenye theluji, lakini mvisheni kwanza

Kila ikifika Januari, simu za watu wa Tanga hujaa picha za theluji. Mjukuu yuko Norwei, mwingine Kanada, mwingine Uswidi. Amevaa helmeti, miguuni ana mbao ndefu za kutelezea, nyuma yake mlima mweupe. Majibu kwenye kundi la familia huwa yale yale. Bibi wa Ngamiani anatuma ujumbe wa sauti: "Jamani, mtaniulia mjukuu wangu na hiyo baridi, mrudisheni ndani." Shangazi anaongeza habari za nimonia. Baba wa mtoto, aliyeko huko ughaibuni, anajibu kwa ukali kidogo kwamba watoto wa huko wote hucheza nje na hakuna aliyekufa.

Mimi sikubaliani na bibi, na sikubaliani na baba. Niliishi Trondheim, Norwei, miaka kadhaa, nikifanya kazi kwenye shule ya chekechea ambako watoto walitoka nje kila siku, iwe mvua au theluji, na niliwavisha kwa mikono yangu. Theluji yenyewe haileti nimonia, bibi zangu. Nimonia huletwa na vijidudu, na mara nyingi mtoto huvipata ndani, kwenye chumba kilichofungwa madirisha watu wakikoholeana. Mtoto anayecheza nje hulala vizuri, hula vizuri, na hukua na wenzake badala ya kuwatazama dirishani. Lakini baba naye asijifariji kwamba watoto wa huko hawafi. Hawafi kwa sababu yuko mtu mzima anayejua kuwavisha, na anayejua saa ya kuwarudisha ndani hata kama wanalia kwamba hawataki. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuachiwa uamuzi huo.

Wala asitokee mtu wa kusema mtoto mwenye asili ya pwani hakuumbiwa theluji. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, kwenye pwani hii hii yetu, akahamia Austria akiwa na miaka mitatu. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule PyeongChang, akishuka mlima kwa kasi ambayo wengi wetu hatujawahi kuifikia hata kwenye pikipiki. Na kabla yake, Philip Boit, Mkenya mwingine, alishindana kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, kwenye mbio za masafa za theluji, baada ya kujifunza mchezo huo Ufini akiwa mtu mzima tayari. Anayefundishwa anajua.

Kinachonisumbua ni mavazi. Mwili wa mtoto hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili. Kwa hiyo mzazi anayepima baridi kwa mwili wake mwenyewe, akasema "mbona mimi nasikia vizuri tu", anapima kwa kipimo kisicho cha mtoto.

Na sisi watu wa pwani tuna jambo letu la ziada: tumelelewa na pamba. Fulana ya pamba, kanga, kanzu, shuka, vyote pamba, na kwa Tanga hakuna kitambaa kizuri kuliko hicho. Pamba hunywa jasho, ikalowa, ikakupoza. Tabia hiyo hiyo inayotufaa hapa ndiyo inayomdhuru mtoto kule. Mtoto akipanda kilima na mbao zake hutoka jasho hata kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri. Fulana ya pamba inalowa na kung'ang'ania mgongoni, halafu mtoto anasimama foleni, na joto lake linaondoka na ule unyevu. Maji husafirisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Nimeona mtoto aliyevishwa koti la bei mbaya juu, na chini yake fulana ya pamba iliyolowa chapachapa. Koti lile halikuwa likimsaidia kitu.

Kinachotakiwa kugusa ngozi ni sufu nyepesi inayobana kidogo, shati la mikono mirefu na suruali yake. Sufu huendelea kutunza joto hata ikipata unyevu. Asiyeiweza bei achukue nguo za michezo za poliesta, zinazokauka upesi. Juu yake sweta ya sufu au flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya laini. Juu kabisa jaketi na suruali visivyopitisha upepo wala maji. Baridi ikizidi sana, ongeza sweta ya pili katikati, kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Usimkandamize. Joto linatunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, na mtoto aliyeshindiliwa nguo tano zinazobana atasikia baridi kuliko mwenzake aliyevaa tatu zilizokaa vizuri. Na jamani, kabla ya yote hayo, mpelekeni chooni. Mkojo kwanza, nguo baadaye.

Kwenye shule ile kila mtoto alikuwa na kishubaka chenye jina lake, na ndani yake soksi za sufu za akiba, glavu jozi mbili au tatu, na kofia ya pili. Karibu na mlango palikuwa na kabati la umeme la kukaushia. Tukirudi kutoka nje tulitundika glavu zote humo, moja moja, zimegeuzwa nje ndani, na zamu ya mchana kila mtoto alitoka na glavu kavu. Kazi hiyo ya kukausha ndiyo niliyoiona ina maana kuliko nguo za gharama. Familia inayokwenda mlimani na jozi moja ya glavu kwa kila mtoto imeshamaliza safari yake saa nne asubuhi.

Glavu zenyewe ziwe zile za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na dole gumba peke yake. Vidole vikiwa pamoja hupashana joto. Soksi iwe moja tu ya sufu. Wazazi wetu huongeza ya pili kwa huruma, kiatu kinabana, damu haishuki, na mguu unakufa ganzi haraka zaidi. Vidole vya miguu lazima viweze kuchezacheza ndani ya kiatu.

Halafu shingo. Watu wengi humshika mtoto vidole au pua ili kujua kama ana baridi, na hivyo huwa vya baridi hata kama mwili uko salama. Vua glavu yako, ingiza vidole viwili chini ya kola, kwenye kisogo. Pakiwa pakavu na pana joto, mwache acheze. Pakiwa na jasho, fungua zipu au punguza nguo moja. Pakiwa pa baridi, safari imekwisha, ingieni ndani. Nilikuwa nafanya hivyo kwa kila mtoto kila baada ya muda mfupi, na wao wenyewe walizoea mpaka wakawa wanainamisha kichwa nikiwakaribia.

Mwangalie pia tabia yake. Mtoto mwenye baridi si lazima aseme. Anaanza kununa, analia kwa jambo dogo, anajikwaa, anatetemeka. Anayetisha zaidi ni yule aliyekuwa na maneno mengi akanyamaza ghafla na kusinzia. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni dharura ya hospitali.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya huko mara nyingi hulipita. Vinamfundisha mzazi atazame mashavu: yakiwa mekundu ni sawa, likitokea doa jeupe ngozi imeanza kuganda. Kwa watoto wetu weusi hiyo rangi nyekundu haionekani vizuri, na doa lenyewe huja kama kijivu, kama majivu au nta, ukilitazama haraka utadhani ni ukavu wa ngozi tu. Kwa hiyo tusitegemee macho peke yake. Gusa shavu, gusa ncha ya sikio, muulize kama anasikia kidole chako. Pakiwa pagumu au pana ganzi, pafunike kwa kiganja chako chenye joto na mwingize ndani. Usisugue, na usisugue kabisa kwa theluji kama baadhi ya wazee wa huko wanavyosema, kwani ngozi iliyoganda huchubuka. Wala usimsogeze kwenye moto, maana mahali penye ganzi pataungua bila yeye kusikia. Vidole vilivyoganda hupashwa kwa maji ya nyuzi 37 mpaka 39, na baada ya hapo daktari avione.

Jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa majirani zetu wa huko. Kumbukumbu za jeshi la Marekani za miaka ya 1980 na 1990 zinaonyesha kuwa wanajeshi weusi walipata majeraha ya baridi mara kadhaa zaidi ya wenzao weupe. Mishipa ya damu ya vidole vyetu hubana kwa nguvu na huchelewa kufunguka tena. Sielezi haya ili mtu amfungie mtoto ndani. Nayaeleza ili mwalimu wa Kinorwei akisema "wengine wote wako sawa", mzazi wa Kitanga awe na ujasiri wa kujibu kwamba mwanawe anarudi ndani sasa hivi.

Mafuta nayo yana hadithi yake. Bibi atataka mtoto apakwe mafuta ya nazi uso mzima kabla ya kutoka. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Aliyewahi kulala Lushoto mwezi wa Julai ameyaona yamekuwa meupe ndani ya chupa. Mafuta ya mgando yanafaa kwa midomo iliyopasuka, lakini uchunguzi uliofanywa Ufini kwa vijana wa jeshi ulionyesha kuwa mafuta ya kujipaka hayaikingi ngozi dhidi ya kuganda. Waliojipaka walijiona salama, na walioumia miongoni mwao walikuwa wengi zaidi. Kinga ya uso ni kitambaa: kofia ya kuficha uso inayoacha macho tu, au bomba la flisi la shingoni linalovutwa mpaka puani. Mtandio mrefu acheni nyumbani, unaweza kunasa kwenye mashine za kupandishia watu mlimani. Kwa binti anayejisitiri, kofia hiyo inafunika nywele na shingo sawasawa, na helmeti inakaa juu yake bila shida.

Nywele asukwe mistari iliyolala, bila shanga, helmeti imkae. Na herini mzivue. Madini hupoa haraka na kupoza ncha ya sikio, na hapo ndipo pa kwanza kuganda.

Upepo ndio unaowadanganya wengi. Simu inasema nyuzi 10 chini ya sifuri, mzazi anatoka kwa imani. Ukija upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inapata baridi kama ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Na mtoto anayeshuka mlima hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Kisha anakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya kurudi juu, ametulia tuli, jasho likiwa bado mwilini. Hapo kwenye kiti ndipo baridi inapoingia. Kadhalika mtoto mchanga anayevutwa kwenye kisleji, kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji: baba anatembea na kutoka jasho, mtoto amelala hatikisiki, na baba anadhani wote wana joto. Hao ni watu wawili wenye hali mbili, na wa kwenye kisleji ndiye wa kusimama kumkagua.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu haliruhusu mbio za masafa za theluji kufanyika baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sifuri. Hao ni watu wazima wenye madaktari pembeni. Basi kwa mtoto mimi naweka mpaka wangu kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, pamoja na upepo ukiuhesabu, na hata hapo ni nusu saa nje, kisha ndani, chai ya maziwa yenye tangawizi kutoka kwenye chupa, tende na kitu cha mafuta, glavu kavu, ndipo watoke tena. Asiye na pa kuingia karibu asimpeleke mtoto siku hiyo.

Wa hapa nyumbani wasidhani haya ni ya wengine. Lushoto iko juu takriban mita 1,400, na Julai usiku joto hushuka mpaka nyuzi 10 hivi. Mtoto anayekwenda shule kwenye ukungu na shati la pamba limelowa chini ya sweta yuko kwenye shida ile ile, kwa kipimo kidogo. Abebe shati kavu kwenye begi. Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watoto, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Hewa ya mkaa huua usingizini.

Kwa anayejiandaa kusafiri, nendeni Tangamano, hapa Tanga, kwenye mitumba kabla ya kununua chochote Ulaya. Marobota huja na sweta za sufu tupu ambazo hapa hakuna anayezigombania kwa sababu ya joto, na jaketi za theluji za watoto ambazo vijana wa bodaboda hawaziwezi kwa udogo. Soma lebo ya ndani: kama imeandikwa pamba, irudishe. Geuza glavu uone kama kitambaa cha ndani hakijachanika. Vuta zipu mpaka juu, kisha mwaga maji kidogo begani uone kama yanateleza au yananyweka. Helmeti tu ndiyo msinunue mtumba, maana ufa hauonekani kwa macho. Mlimani huko zinakodishwa pamoja na viatu.