Dakika 28 Kutoka Malindi Hadi Lamu

Nimefundisha hesabu mjini Malindi kwa miaka 31, kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu kutoka Lamu akinisihi nipande basi la alfajiri, maana joho la harusi la mwanawe lilikuwa kwangu, nilimjibu kwa hesabu. Kwa njia ya angani, uwanja wa ndege wa Malindi na ule wa Lamu vimeachana kilomita 140. Ndege ndogo huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya, unapata dakika 28. Ya nini kuvunjwa kiuno na basi linalozunguka Garsen na Witu hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu? Nikaha ilikuwa saa kumi na nusu, na ndege ilikuwa ya saa tisa.

"Saa tisa na dakika 28 nimeshafika, dada."

Alinyamaza, nami nikadhani amekubali.

Uwanjani mzigo wangu ulizidi kilo 15 zinazoruhusiwa, kwa sababu ya bakuli la halwa niliyotaka kuwatambia watu wa Lamu. Nikatoa joho lenye nakshi za dhahabu, nikalivaa, nikapiga na kilemba, nikajiona mjanja, mpaka karani aliponionyesha mizani nipande mwenyewe. Kumbe katika ndege ndogo hata abiria hupimwa. Joho likahamia kwenye uzito wangu, jumla ikabaki ileile, na halwa ikaachwa Malindi. Mkoba nao ulikuwa umekwishachukuliwa, hivyo nikasafiri katika mavazi yale.

Ndege ilichelewa dakika 40. Rubani alipotangaza kuwa safari ni maili 76, nilimsahihisha kwa sauti kutoka kiti cha nyuma kwamba kilomita 140 ni maili 87. Jirani yangu akaninong'oneza kwa upole kuwa marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852. Sikufungua tena kinywa hadi tulipotua.

Linaloniuma ni kwamba angani hesabu yangu haikuwa mbaya, kwani tulitumia dakika 32 tu. Nilichosahau, mimi niliyezoea kuingilia Mokowe, ni kwamba uwanja unaoitwa wa Lamu hauko Lamu bali uko kisiwani Manda, na mbele yako kuna maji.

Nahodha alikuwa akingoja boti ijae bila haraka yoyote. Aliponiona akaruka: "Mpisheni bwana harusi!" Nilijaribu kueleza, lakini akina mama waliokuwemo walikuwa wamekwishaanza vigelegele, na mtu hawezi kushindana na vigelegele. Tulifika gatini maji yamekupwa, ngazi zikiwa na utelezi wa mwani, vijana wawili wakaninyanyua kwa heshima zote, na pindo la joho likachovya baharini. Watoto wakanifuata kwenye vichochoro wakiimba, tukibanana ukutani kupisha punda, huku mzee mmoja barazani akiuliza ni binti wa nani anayeozwa mtu mwenye mvi mpaka kwenye kope.

Nilifika saa kumi na moja na dakika tano, na msafara nyuma yangu. Bwana harusi halisi alikuwa ameshaozeshwa, amevaa joho la kuazima lililomwishia magotini.

"Mjomba," akasema akinitazama nikichuruzika maji, "dakika 28 ndizo hizi?"

Dada hakulitazama joho wala saa. Alinitazama mikono.

"Na halwa?"