Rekodi za Kullervo: hivi Sibelius aliikataa kweli?

Watu wakianza tu kuongelea rekodi za Kullervo ya Jean Sibelius, mtunzi wa muziki wa Ufini, lazima atokee mmoja aulize, mtunzi mwenyewe aliifungia kabatini, sasa nyie mnaisikiliza kwa ruhusa ya nani? Swali ni zuri na wanaouliza wanampenda Sibelius kama tunavyompenda sisi. Shida yangu ni kwamba wengi wanauliza kama vile jibu linajulikana, kwamba mzee aliikana kazi yake na sisi tunafukua kaburi. Mimi nikiangalia alichokifanya mwenyewe miaka yote ile naona habari nyingine kabisa.

Kwa ufupi tu kwa ambaye hajaifuatilia, ni kazi ya okestra, kwaya ya wanaume, soprano (sauti ya juu ya mwanamke) na baritoni (sauti ya kati ya mwanaume), sehemu tano, inazidi saa nzima, na maneno yake yametoka Kalevala, ule utenzi mkubwa wa Wafini alioukusanya Elias Lönnrot, na Kullervo ni kijana mmoja mwenye mkosi ndani ya utenzi huo. Ilipigwa mara ya kwanza Helsinki tarehe 28 Aprili 1892, Sibelius akiongoza mwenyewe, kijana wa miaka 26. Ikapokelewa vizuri sana, ikarudiwa 1893, halafu kimya. Mpaka anafariki Septemba 1957 hakuruhusu ipigwe nzima tena. Juni 1958 mkwe wake, Jussi Jalas, akaiongoza yote.

Hapo ndipo wenzetu wanaposhikilia, na lazima wapewe haki yao. Hata mwaka haujaisha mzee yuko kaburini, na aliyefungua mlango ni mtu wa ndani ya familia. Wanasema mtunzi ndiye hakimu wa mwisho wa kazi yake, na kama mtu kanyamaza miaka zaidi ya 60 basi kanyamaza kwa sababu. Halafu wana hoja ya rekodi yenyewe ambayo naiona nzito kuliko zote, kwamba onyesho likiisha watu wanakwenda nyumbani, lakini rekodi haiishi, mtu atakayezaliwa kesho ataanza kumjua Sibelius kwa kazi ya ujana ambayo mwenyewe aliona inahitaji marekebisho na hakuwahi kuyafanya. Na kweli ukisikiliza sehemu ya pili kuna mahali inazunguka palepale, Sibelius wa baadaye angekata bila huruma. Sibishi.

Lakini jamani, huyu mtu alikuwa anajua kuua kazi. Miaka ya 1940 pale nyumbani kwake Ainola alijaza miswada kwenye kapu la nguo akaichoma kwenye moto wa chumba cha kulia, mke wake Aino ndiye aliyesimulia, anasema alishindwa kukaa kuangalia akatoka, hakujua hata nini na nini kilikuwa kinaingia motoni. Inaaminika Simfoni yake ya Nane, kazi kubwa ya okestra, iliondoka kwa namna hiyo, kazi ambayo dunia nzima ilikuwa inaisubiri. Na Aino akasema baada ya siku ile mumewe alitulia, roho yake ikawa nyepesi. Huyo ndiye Sibelius akiamua kwamba kazi isiwepo. Hakuiweka kabatini, aliiteketeza.

Mtu ataniambia labda muswada wa Kullervo haukuwepo karibu na kapu lile siku ile. Sawa, lakini mtu anayetaka kazi ife haiachi izagae nusu karne nzima, halafu haiachi ichunguliwe kipande kipande. Maana hilo nalo watu wanalisahau, mwaka 1935 kwenye sherehe za miaka 100 ya Kalevala sehemu ya tatu ilipigwa Helsinki na mtunzi akiwa hai mwenye akili zake timamu, na sehemu ya tatu ndiyo moyo wa kazi yote, karibu dakika 25, ndimo kwaya na waimbaji wawili wanamokutana. Huwezi kuona aibu na kitu halafu ukaruhusu watu wakione pale pale penye moyo wake.

Na hiyo sehemu ya tatu, kwa sisi tuliolelewa na tenzi kuna kitu masikio yetu yanakidaka mara moja. Kwaya inaingia kwa sauti moja, wanaume wote pamoja, Kullervo Kalervon poika, hesabu mwenyewe, Kul-ler-vo Ka-ler-von poi-ka, mizani nane. Mstari unaofuata, sinisukka äijön lapsi, mtoto wa mzee mwenye soksi za bluu, nane tena. Kipande cha utenzi wetu ni mizani nane vilevile. Waimbaji wa Kifini wa zamani walikuwa mara nyingi wanaimba sita za mwanzo haraka halafu mbili za mwisho wanazivuta, ndiyo unapata mapigo matano, na Sibelius ambaye alikwenda Porvoo mwaka 1891 kumsikiliza bibi mmoja mtambaji maarufu, Larin Paraske, ameiweka sehemu hii kwenye mapigo matano. Yaani kijana aliyezaliwa kwenye nyumba ya Kiswidi anaichukua mizani ya watu wa vijijini anaiweka juu ya okestra nzima na haipambi, kwaya kwa sehemu kubwa haigawanyiki hata kwenye sauti mbili, inatamba tu. Hiki ndicho kitu ambacho bila rekodi tusingekijua, kwa sababu simfoni zake saba zote hazina mwimbaji hata mmoja, na Luonnotar ya 1913, kazi yake nyingine ya okestra na mwimbaji, ambayo ni nzuri mno, ni sauti ya mwanamke mmoja kwa kama dakika tisa.

Rekodi ya kwanza ni ya kiongozi wa okestra Paavo Berglund, 1970, okestra ya Bournemouth, Uingereza, na kwaya ya wanaume ya chuo kikuu ililetwa kutoka Helsinki. Baada ya hapo zikaja nyingi za viongozi wengine, Neeme Järvi, Salonen na okestra ya Los Angeles, Colin Davis mara mbili na okestra ya London, Vänskä mara mbili, na baritoni Jorma Hynninen peke yake yumo kwenye rekodi zisizopungua tatu. Nani ameshinda tuachane nalo, ila zilivyotofautiana ni jambo la kuangalia, kuna anayemaliza dakika 70 na kidogo na kuna anayegusa 80, kazi hiyo hiyo. Hapa nawakubalia wenzetu kitu, ukimya wa mtunzi uliacha pengo, hakuna mwanafunzi aliyemuona akiiongoza akamrithisha mwingine, kila kiongozi anaanza upya. Ila mimi pengo hilo linanifanya nitake rekodi nyingi zaidi, maana ukibaki na moja utadhani ndiyo amri ya Sibelius.

Kitu kingine nawakubalia bila ubishi, zile kava zinazoandika Simfoni ya Kullervo zinaharibu. Simfoni yake ya Kwanza ni ya 1899, Kullervo aliitoa kama shairi la simfoni, yaani muziki wa okestra unaosimulia hadithi, na ukimuuzia mtu kama simfoni atatafuta mpangilio ambao haumo halafu atasema kijana alikuwa hajui kazi.

Halafu kuna mwaka 1957. Mwishoni mwa sehemu ya tatu Kullervo ameshajua kwamba yule msichana aliyemvuta kwenye kigari chake cha theluji ni dada yake wa damu, dada ameshajitupa mtoni, na baritoni anabaki peke yake analia siku zake huku okestra inapiga pigo moja moja zito kama mtu anayegonga mlango. Mwaka ule ule aliokufa, Sibelius aliyachukua maombolezo hayo akayapangia okestra upya ili Kim Borg, mwimbaji wa besi, ayaimbe. Umri miaka 91, miaka zaidi ya thelathini hajatoa simfoni mpya, na kati ya yote aliyowahi kuyaandika akarudi kwa Kullervo.