Salamu za Chatu

Mzee wangu hana ugomvi na mtu, ila ukigusa redio yake mtakosana. Wajukuu waliwahi kuchezea kile kirungu cha kutafutia stesheni, mzee akasaka kituo chake siku mbili. Alipokipata akakigandisha kirungu kwa gundi. Kilikuwa kituo kidogo cha hapahapa Morogoro, kazi yake zilipendwa tu: NUTA Jazz, Western Jazz, Marijani Rajab, na katikati mtangazaji anasoma salamu taratibu kama anahesabu hela za rambirambi.

Mwaka jana kikafa. Hakikuaga. Tumeamka asubuhi, redio inasema chwaaaa.

Mzee akasema ni betri. Nikanunua. Akasema za siku hizi feki, akazianika za zamani juani kama enzi za Radio Tanzania. Chwaaaa. Akasema basi ni eriali. Nikapanda juu ya paa na waya wa kuanikia nguo, nikashuka na bati moja. Nilipomwambia kituo kimefungwa, akanitazama kama nimemtangazia msiba wa mtu aliyemwona jana sokoni. Na gundi haibanduki.

Ndipo nikajifanya na akili. Garini nina kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachorusha nyimbo za simu kwenda redioni kwa FM. Hakifiki mbali, lakini dirisha la mzee lilitosha. Nikaegesha hapo nyuma, nikaseti masafa ya marehemu, nikampiga Mbaraka Mwinshehe.

Ndani nikasikia: "Mama! Wamerudi!"

Siku tatu nikawa kituo cha redio. Ya nne nikakuta kibaraza kimejaa wazee. Kumbe mzee kawaalika. Mmoja wao ni shabiki damudamu wa bendi ya Cuban Marimba, kwake muziki wa Morogoro ulizikwa pamoja na kiongozi wao Salum Abdallah mwaka 1965. Mzee wangu yeye ni Morogoro Jazz, na kwake Mbaraka hata sasa hajafa, ingawa ajali ya Mombasa ilimchukua 1979. Ubishi wao umenizidi umri. Nikaamua kutenda haki: wimbo mmoja wa huku, mmoja wa kule. Nikanogewa na hiyo haki mpaka nikasahau kwamba simu ikiita, nayo inapita hukohuko redioni.

Ikaita. Gizani nikabonyeza nikate, nikapokea.

"Shemeji!" redio ikasema, kwa sauti safi kuliko kituo chenyewe kilivyowahi kuwa. "Yule beberu wa mzee katoka kwa laki na themanini! Tairi unapata. Mzee bado anaamini kamezwa na chatu?"

Hata vyura wa mtaroni walinyamaza. Kisha yule wa Cuban Marimba akauliza, "Hizi salamu anapelekewa nani?"

Nikazungusha ufunguo nikimbie. Gari kimya. Siku nne za utangazaji zilikuwa zimemaliza betri.

Mzee akaja na tochi. Akamulika kidude, akanimulika mimi usoni, muda mrefu.

"Chatu," akasema, akarudi ndani.

Mbuzi nimemlipa. Kesho yake usiku mjukuu akaja kunigongea na karatasi: babu anasema saa 2 imepita hujawa hewani, uanze na Mbaraka, na salamu usome mwenyewe. Majina yalikuwa tisa. La mwisho, chatu wa Uluguru.